Pengo Juu ya Bwawa la Mgodi

Jumatatu, 5 Mei
Hili sijamwambia mtu, hata padri. Mimi ndiye niliyeng'oa nyasi za vetiva juu ya bwawa la mgodi. Mashina matano tu! Mgodi ulifungwa zamani. Sasa mashimo yanafukiwa na kupandwa nyasi, na bwawa linanasa tope lisiingie kijitoni. Nilisoma kwamba vetiva hushika udongo. Shamba la mama liko mteremkoni. Nikang'oa, nikapanda kwetu. Sayansi.

Shida ni moja. Kamati ya kijiji imekataza akina mama kumwagilia karoti kwa maji ya kijito mpaka klabu yetu ya shule iyapime na kuyakuta safi Jumamosi nne mfululizo. Tatu zimepita. Ya nne ni wiki hii.

Jumanne, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kuchungulia. Maji yanapita pale nilipong'oa kama mlango ulioachwa wazi! Bwawa jekundu. Kurudisha vetiva haiwezekani. Mama anaisifu kwa kila mgeni. Nimechimba mchaichai nyumbani, nikaupanda kwenye pengo. Majani yanafanana kabisa. Nimejipongeza.

Jumatano, 7 Mei
Mzee Salum, mlinzi wa mgodi, ana furaha isiyo kifani. Nilipompa shikamoo akaniita mjukuu, akasema wakubwa wamemkumbuka hatimaye, wamempandia chai. Ameung'oa mchaichai wote na kuuhamishia kibandani kwake. Akanimiminia kikombe. Nikanywa ushahidi wangu. Mtamu.

Alhamisi, 8 Mei
Maktaba! Kitabu kinasema unga wa mbegu za mlonge huzamisha tope. Nimetwanga mbegu zote za mama. Akauliza natwanga nini. Nikajibu: masomo. Akasema masomo ya siku hizi yana kelele.

Jumamosi, 10 Mei
Siku ya aibu. Niliomba kubeba chupa ya maji ya kijito. Abdulmajid, mwenyekiti wa klabu, alishangaa, maana huwa siombi kitu. Nyuma ya mti nikatia unga, nikatikisa.

Abdulmajid hubeba bomba angavu la kupimia maji kama askofu na fimbo yake. Unamimina maji mpaka alama ya chini isionekane. Yakivuka sentimita sitini bado unaiona, ni safi. Leo alama ilipotea kwenye sentimita nne. Akatangaza kwamba Yuliana katuletea uji, bado sukari tu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kitabu kilisema unga huachwa saa nzima utulie. Sikuwa nimefungua ukurasa wa pili.

Mwalimu Stephano, mlezi wa klabu, akachota maji mengine mwenyewe. Tope tupu. Kamati na akina mama waliokuja kusubiri majibu wakapanda nasi kutazama, wakaona pengo. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Mzee Salum: si wewe uliyeonekana unang'oa majani hapa? Basi kesho usije kazini. Mzee akavua kofia. 

Mimi sijawahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya watatu. Nikasema yote. Vetiva, mchaichai, mlonge. Sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi. Nikasubiri kofi la mama. Mama akauliza tu kama mbegu zake zimeisha zote. Halafu akawauliza wenzake nani ana jembe.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya misa, akina mama kumi na saba walipanda bwawani. Mama aling'oa vetiva yake mwenyewe, na wengine wakaongeza mashina. Mzee Salum, kofia kichwani, alichemsha chai ya wote. Abdulmajid alichimba karibu nami, akakiri hata yeye asingethubutu kusema mbele ya watu wale. Sijui nilijibu nini. Nadhani nililiambia jembe "asante".

Jumamosi, 17 Mei
Sentimita sitini na mbili! Mvua ilinyesha Alhamisi na bado sitini na mbili! Kamati ikakubali Jumamosi tatu za mwanzo zihesabiwe. Mama alichota ndoo ya kwanza. Karoti zimekunywa.

Jumapili, 18 Mei
Nimejifunza. Vetiva ya mgodi haiguswi, kamwe. Nimeandika na kupigia mstari.

Leo nimegundua kwamba mtaro wa mgodini umepangwa mawe ya kupunguza kasi ya maji. Mawe mazuri, mengi kupita kiasi. Na mfereji wa mama unakimbiza maji vibaya sana. Nikachagua manne, nikayafunga kwenye kanga, nikayabeba mpaka shambani na kuyapanga mferejini. Kisha nikamsaidia mama kupalilia.