Gia Iliyoingia Watu Wakiwa Wamefumba Macho

Leo nimeaibika, jamani, na nimechoka kiasi kwamba hata haya siwezi kuona vizuri.

Usiku sikulala. Nikiipasha gia moto kupita kiasi, si meno yake yatapoteza ugumu? Na nikiipasha kidogo, si itakataa kuingia? Nikalala ubavu wa kulia. Meno. Nikageukia wa kushoto. Itakataa. (Wenzangu wa chuo wanakosa usingizi kwa sababu ya mapenzi. Mimi, ni gia.)

Mjomba wangu wa Kajiado ana trekta kuukuu, yenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Gia moja ndani ilivunjika meno, trekta ikalala msimu mzima, kuku wakahamia kwenye kiti. Auntie, mkewe, akachoka nayo, akaita mtu wa skrapu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi, mwenye digrii ya uhandisi, chumba cha kupanga Kitengela na kazi hakuna, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mjomba, usiiuze. Nitaitengeneza." Wakakubaliana mtu wa skrapu aje leo. Ikinguruma, aende mikono mitupu. Isiponguruma, aibebe.

Gia yenyewe haifungwi kwa nati. Tundu lake ni dogo kidogo kuliko shafti, ile fimbo ya chuma inayoishikilia, kwa hivyo inang'ang'ania yenyewe. Kuitoa, unaivuta kwa pula, kile chombo cha miguu mitatu. Kuweka nyingine, unaipasha moto itanuke, unaigandisha shafti isinyae, halafu unazikutanisha haraka kabla hazijabadilisha nia.

Asubuhi nikaivuta ile mbovu. Ikatoka kwa mlio uliofukuza kuku wote. Shafti nikaipeleka buchani, ikalala kwenye friza kando ya matumbo. Gia mpya nikaiosha kwa mafuta taa, kisha kwa sabuni, nikaiingiza kwenye oveni ya Auntie.

"Hiyo oveni ni ya keki za harusi," Auntie akasema. "Keki ikinuka grisi, wewe ndiye utamweleza bibi harusi."

Mtu wa skrapu akafika, akaegesha pikapu kivulini, akapewa chai. "Injinia, usiharakishe," akaniambia. "Mimi niko na siku nzima."

Shafti ikarudi kwa bodaboda, imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nikaisimamisha wima chini, katikati ya mawe ya ujenzi. Nikavaa glavu za jikoni za Auntie, zile za maua. Nikatoa gia. Joto lake likanipiga usoni. Ilikuwa tayari kabisa!

"Ngoja!" Auntie akasema. "Hatuanzi kitu hapa bila maombi. Pasta yuko."

Kweli alikuwapo. Shamba la kanisa pia linasubiri hiyo trekta, kwa hivyo alikuja kushuhudia. Na boma hili halianzi kitu bila maombi, iwe safari, iwe chai. Kofia zikavuliwa. Macho yakafumbwa. Mimi nimesimama na gia mikononi kama sinia.

Pasta akaanza na uumbaji.

Nikafikiria kumkatiza. Lakini unamkatizaje mtu anayeongea na Mungu? Unainua mkono? Unakohoa? Gia inapoa. Nikasema "Amina!" kwa sauti, nikitumaini ataelewa. Ile Amina ikampa nguvu. Akahamia kwa mvua, mifugo, wagonjwa wa Illasit, na vijana wasio na kazi. (Alinitaja kwa jina.) Nikasema Amina nyingine. Akapandisha sauti. Ikabidi ninyamaze.

Alipomaliza, nikaiachilia gia kwenye shafti. Ikateremka vizuri hadi katikati. Ikakwama. Nikagonga kwa nyundo. Haikusogea hata unywele.

Kisha mtu wa skrapu akauliza, "Kwani huko chuo walisema ikae hapo katikati?"

Mjomba hakucheka. Aliiangalia trekta yake, akaangalia chini, akaniambia polepole, "Umejaribu, mama. Si lazima." Hapo ndipo iliponiuma. Mtu wa skrapu tayari alikuwa anafungua kamba za pikapu.

"Nipeni nafasi moja," nikasema.

Pula tena. Buchani tena. Oveni tena. Nikamwomba Auntie, kwa heshima zote, maombi yafanywe gia ikiwa bado ndani ya oveni. Akakubali! Pasta akaomba, Amina ikasemwa, nikatoa gia.

"Lakini Pasta," Auntie akasema, "ile ya kwanza haikushika. Hebu ongeza kidogo."

Macho yakafumbwa tena.

Nikasimama pale na gia yangu. Nikingoja, trekta imeenda. Nisipongoja, ni kumdharau Pasta, na Auntie, na labda kuna aliye juu yao pia anayeangalia. Nikamtazama Mjomba. Alikuwa anaomba kuliko wote, vidole vimebanana. Nikaacha kufikiria. (Sikumbuki lini nilifanya hivyo mara ya mwisho.) Nikanyata, nikapiga magoti, nikaiachilia gia. Tup! Ikateremka mpaka mwisho.

Sasa, ikishafika lazima uikandamize mpaka ishike, la sivyo inaweza kujirudisha juu. Nikailalia kwa mikono yote miwili. Ndipo nikagundua glavu ya kulia imetoboka penye kidole gumba.

"Woooi! Yesu! Woi!"

"Mguse, Baba!" Pasta akaitikia. Akaja akipapasa, akaniwekea mkono kichwani. Auntie akaweka wake mgongoni. Nami siwezi kuachilia! Nimekumbatia chuma, machozi yananitoka, na kadiri ninavyolia ndivyo wanavyozidi kunikandamiza. (Kiufundi, walisaidia sana.)

"Binti, sema umepokea!"

Ningeweza kusema nimepokea. Ningeinuka na heshima yangu yote. Lakini ningetakiwa kueleza nimepokea nini, na kwa muda gani, na je, kingerudi? Nikachoka kabla sijamaliza kuwaza.

"Pasta, naungua kidole. Glavu iko na tundu."

Mkono wa Pasta ukaondoka. Wa Auntie ukabaki kidogo, ukawa mzito.

"Na gia?" Mjomba akauliza.

"Imeingia. Mlipokuwa mnaombea wagonjwa."

"Ati umefanya kazi watu wakiomba?" Auntie akafoka.

"Ndiyo, Auntie."

Mtu wa skrapu akacheka mpaka akamwaga chai. Mjomba alikuwa ameshainama, anaipapasa gia kama shingo ya ndama.

Jioni, baada ya kurudisha kila kitu ndani, trekta ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. "Sidai oleng!" Mjomba akapiga kelele kwa Kimaasai, yaani safi kabisa, akaizungusha boma nzima, kuku mmoja bado yuko nyuma ya kiti. Mtu wa skrapu akafunga kamba zake, akaenda.

Pasta amenisamehe, kwa sharti kwamba Jumapili nisimame mbele ya waumini nieleze mwenyewe. Nimekubali. Hapa nilikuwa nafanya mazoezi tu, kwa hivyo anayetaka kucheka acheke leo.