Vyeti Vilivyozidi

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba ofisi yetu ya maji imekamilisha uhakiki wa watumishi kwa kompyuta, na kwamba uhakiki huo umefanikiwa kuliko nilivyotarajia.

Mbunifu ni mimi, mkuu wa utumishi. Nilimwita fundi wetu wa programu, mama mmoja wa maneno machache, nikampa agizo: kila cheo kina orodha ya vyeti vinavyotakiwa; kompyuta ihakikishe vyeti vyote vya mtumishi vimo ndani ya orodha hiyo.

"Bosi, umegeuza," akasema. "Tuulize kama vinavyotakiwa vimo ndani ya vile alivyonavyo mtu. Ukiuliza hivyo, mwenye cheti cha ziada atafeli."

"Fundi, kuwamo ni kuwamo," nikamjibu. Nilishahudhuria warsha ya siku mbili kuhusu mambo hayo, siku moja nikiwa macho.

Akaandika nilivyotaka. Jumatatu asubuhi kompyuta ikawafelisha watumishi mia mbili na kumi na mmoja. Wote walikuwa na cheti cha kuzima moto, ambacho hakikuwamo kwenye orodha ya cheo chochote; ni mafunzo niliyoyafanya ya lazima kwa kila mtu isipokuwa mimi, kutokana na wingi wa majukumu.

Wa kwanza kunivamia alikuwa mpimaji wa maji, ambaye ni mdogo wake mke wangu. Alishika barua ya kusimamishwa kazi.

"Shemeji, nimepima maji miaka kumi na tisa. Kosa langu nini?"

"Umezidi, shemeji."

"Na leo atapima nani? Mji mzima unakunywa!"

Swali zuri. Nikaliundia kamati.

Kufika saa sita mchana maabara ilikuwa imefungwa, na mwenyekiti wa bodi akaingia ukumbini akihema. Nikamtuliza: uhakiki haukuwa wa kukomoa watu, yuko aliyefaulu. Nikamwomba fundi aonyeshe jina ukutani, nikanyoosha tai.

Lilikuwa langu.

"Ana vyeti gani?" mwenyekiti akauliza.

Fundi akakohoa. "Hana. Orodha yake ni tupu. Na orodha tupu imo ndani ya orodha yoyote ile, maana haina cha kuzidi."

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa naomba muda wa kuleta vyeti. Nilikuwa najiomba mwenyewe, na sikuwahi kujinyima.

"Geuza swali," mwenyekiti akasema.

Fundi akabadilisha nafasi za maneno mawili. Watu mia mbili na kumi na mmoja wakafaulu. Mashine ikachapa barua moja tu, chini ina sahihi yangu, kwani ndiyo niliyoagiza iwekwe kwenye barua zote. Niliisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri sana.

Shemeji alinisindikiza hadi getini, koti lake jeupe tayari mwilini, akiwa na haraka ya kurudi kwenye chupa zake.

"Sasa dada nimwambie nini?"

"Mwambie mfumo unafanya kazi."