Zambarau Isiyokuwepo Dukani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mzigo umeshuka uwanja wa ndege wa Kanombe salama. Matumbawe kumi na mawili, yote hai. Nimeyapanga kwenye tangi la kioo hapa dukani kwangu, mtaa wa Gisimenti, nikarudi nyuma hatua mbili kuyatazama. Kahawia. Yote kumi na mawili! Nani atanunua kitu kinachofanana na kipande cha muhogo kilichosahauliwa jikoni? Nikazima taa nyeupe, nikawasha ya buluu, nikapiga picha, kisha nikaongeza rangi kwenye simu mpaka ikagoma kuongezeka. Zambarau! Mwenyewe nilishtuka. Nikaituma mtandaoni.

Praxeda wa duka la jirani, mtu wa Bukoba, naye kapokea mzigo. Kapiga picha zake mlangoni, mchana kweupe. Zinafanana na picha za kitambulisho. Nimemhurumia.

Jumatano, 10 Septemba

Mteja! Daktari Gahongayire anafungua kliniki ya meno ya watoto huko Kagugu. Anataka tangi la kuwatuliza wasilie kabla hawajafika kwenye kiti. Tangi tayari analo, kilichobaki ni tumbawe, na amelitaka lile lile la kwenye picha. Sherehe ya ufunguzi ni Jumamosi. Akilipenda, tangi zima nitalijaza mimi. Nilimwambia Praxeda kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Akasema hongera, akaendelea kusugua kioo. Wivu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimelipeleka kwa pikipiki, kopo mapajani. Daktari akafungua kifuniko. Akatazama kopo, akatazama simu, akarudi kwenye kopo.

"Usumani, hii iko rangi ya kahawa," akasema taratibu, kama anayempa mtu habari za jino.

Nikamweleza kwamba tumbawe limechoka na safari, likipumzika rangi itarudi. Akauliza litapumzika mpaka lini. Nikasema Jumamosi. Sijui kwa nini nilitaja siku.

Jumamosi, 13 Septemba

Limepumzika siku mbili. Kahawia!

Nilifika kabla ya wageni, nikafunga taa ya buluu juu ya tangi. Zambarau papo hapo. Daktari akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Taa ilikuwa kali kidogo, ikamulika chumba chote. Sikuona ubaya.

Wageni wakaingia. Mama mmoja akamtabasamia mwanawe kumtia moyo. Meno yakawaka! Meno matupu, yanang'aa kwenye uso wa buluu. Mtoto akapiga yowe. Wenzake wakageuka, wakafumbua midomo kwa mshangao, wakaonana meno. Watoto kumi na mmoja mlangoni kwa pamoja. Wawili walikamatwa barabarani.

Daktari alizima taa mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema wazazi wale alikuwa amewabembeleza miezi mitatu wamletee watoto. Akanirudishia tumbawe ndani ya kopo lake, akafunga kifuniko vizuri lisimwagike maji. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Jumanne, 16 Septemba

Praxeda kauza matumbawe matano Kagugu. Ya kahawia, na kwenye picha pia kahawia! Anasema Daktari alijua anachonunua, basi hakuwa na la kulalamika. Watoto wanakaa mbele ya tangi wakiangalia vidole vya matumbawe vikiyumba majini, wananyamaza.

 Nikampigia Daktari kumwomba radhi. Akasema sawa, ila watoto wawili bado wanamwogopa mama yao akicheka. Nikatoa tumbawe moja, nikalipiga picha mlangoni juani. Sikugusa rangi. Nikaituma mtandaoni hivyo hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Norman, Mganda anayefundisha hesabu, kaja na simu yake. Akalinganisha picha na tumbawe, mara mbili, akalinunua. Akasema mimi ndiye muuzaji wa kwanza ambaye picha yake haikumdanganya.  Nilimpa na chakula cha matumbawe bure. Praxeda alikuwa anaona. Akatikisa kichwa, nadhani kwa heshima.

Ijumaa, 19 Septemba

Ukweli una nguvu! Norman kawaambia walimu wenzake, na tangu asubuhi watu watatu wameulizia duka la yule Mtanzania asiyedanganya. Watatu!

Nimewaza sana. Mtu anayeaminiwa, nani atakuja kumlinganishia picha? Hakuna. Basi nimeongeza zambarau kidogo tu kwenye picha ya tumbawe jingine. Kidogo kama chumvi. Halafu kidogo tena, maana ile ya kwanza haikuonekana. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: PICHA HAIJAGUSWA.

Inapendeza mno. Nashangaa sikufikiria mapema kuwa mwaminifu.