Maharage Mia Tano na Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Umoja wetu wa Wastaafu umekubali kununua kompyuta mpakato. Hatimaye! Itakaa kwa Katibu, yaani mimi. Ila Naibu wangu, mkunga mstaafu, anataka yenye skrini pana. Eti watu wawili wakae bega kwa bega, wasome kumbukumbu za vikao pamoja. Pamoja! Mwaka wa sita huu naziandika peke yangu na hajalalamika mtu, kwa kuwa hajazisoma mtu. Uchaguzi wa viongozi ni Jumamosi. Nitadai skrini ya kawaida, ile inayokaribia mraba. Mbele yake hukaa mtu mmoja tu.

Jumanne, 4 Machi

Sababu ya kweli haisemwi kikaoni. Hutafutwa ya kisayansi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, sikukosa. Ieleweke: skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Zote zikiwa inchi kumi na tano, iliyo pana huwa fupi kwenda chini, na eneo lake huwa dogo. Watu hawalijui hili! Nimekata maboksi mawili kwa vipimo hivyo. Nimechukua na kopo la maharage jikoni. Mke wangu ameuliza ya nini. Ya ushahidi, nikamjibu. Akasema huo ushahidi ndio chakula cha wanachama kesho.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Tulipanga maharage juu ya maboksi, punje kwa punje. Pana: mia nne na themanini. Ya kawaida: mia tano na arobaini. Nikahesabu tena ili wa nyuma waelewe. Mara ya tatu kwa ajili ya waliochelewa. Mkunga akasema amewahi kuzalisha mapacha kwa muda mfupi kuliko huo, na kwamba kwao maharage huchemshwa. Mwenyekiti alisinzia, nimeandika kwamba aliafiki. Saa tisa wote wakakubali skrini ya kawaida, wakakimbilia makwao kula. Sayansi haina mpinzani.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani. Skrini pana zimejaa rafu nzima. Ya kawaida ilikuwa moja tu, ya mtumba, imezuia dirisha lisijifunge. Muuzaji akaniuliza, mzee wangu, una hakika? Nikamweleza mambo ya pembe. Akaifungasha haraka kabla sijamaliza.

Jumamosi, 8 Machi

Uchaguzi, kwa kura za siri. Mwenyekiti alihesabu, akajaza jedwali nililolichora mwenyewe, lenye safu nyingi, akanipa mashine nisome matokeo. Nikakaa mbele yake peke yangu, kama nilivyopanga. Nikasoma: Katibu, jina langu, waliokubali tisa. Nikasimama kushukuru. Nilikuwa nimeshafika kwenye faida za pembetatu, Mkunga akanikatiza: Mwalimu, humu tuko ishirini na watatu, hao kumi na wanne umewazika wapi? Akaja, akainama juu ya bega langu, akabonyeza mshale wa kulia. Safu ya mwisho, ambayo skrini haikuitosha, ikajitokeza. Waliokataa, kumi na wanne.

Kwa katiba yetu, niliyoiandika mimi, Katibu akikataliwa hushuka na Naibu hupanda. Mkunga amekwenda na mashine kwake. Nikamwambia nitakuja tuandike pamoja. Akasema, usijisumbue baba, mbele yake hukaa mtu mmoja tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa la jedwali. Tena kumbukumbu za haki huandikwa na watu wawili, bega kwa bega; nimeliamini hilo siku zote. Kwa hiyo Umoja unahitaji skrini pana. Eneo si hoja, hoja ni upana! Nimekwisha kukata maboksi mapya. Mke wangu ameficha kopo la maharage, lakini mchele upo, na punje zake ni nyingi zaidi.