Kanda Saba Ndani ya Kiroba

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimepanda cheo! Nimeitwa shuleni. Mimi Sadala, ambaye shule niliiona kwa nje tu, na kuandika nimejifunzia ukubwani kwenye kisomo cha jioni, tena nikisinzia.

Madam Grasiana, mwalimu wa jiografia, mgeni hapa Misima, kanipa shikamoo mbili kwa mpigo. Anasema watoto hawaelewi habari za kanda. Akiwaambia nchi imegawanyika, kuna Pwani, Kati, Ziwa, Kaskazini, Magharibi, Kusini na Nyanda za Juu Kusini, wanamtazama kama mbuzi anayepigiwa gitaa. Kwa hiyo anataka kutengeneza ramani ya nchi pale uwanjani, ya kukanyagika, kila kanda na udongo wake. Kijiji kizima kimemwambia aende kwa Mzee Sadala. Alikuwa utingo wa malori, kazunguka nchi yote, ana udongo wa kila mahali kwenye vikopo.

Hilo la vikopo nililisema mwenyewe. Kwenye kahawa, mwaka juzi. Nani alijua litamfikia mwalimu?

Nikamwambia, binti yangu, hapa umefika. Jumamosi unaupata wote. Akafurahi! Tarehe 16 ni siku ya wazazi, mimi nitakuwa mgeni wa heshima, na mke wangu Fatu atakaa kiti cha mbele.

Tatizo dogo. Daftari hili naandika ya kweli tu, yale mengine nayatunza kichwani yasichanganyikane. Basi niandike: upande wa huku mwisho wangu Mkata, upande wa kule mwisho wangu Mombo. Lori nimelipanda mara moja, nikatapika.

Jumanne, 5 Novemba

Kukataa siwezi. Sababu ni Fatu.

Miaka arobaini na tano iliyopita baba yake alikuwa na wachumba wawili mlangoni. Mimi, na bwana mmoja wa Kabuku mwenye baiskeli mpya, ina taa na kengele. Mimi sina hata kandambili. Nikamkalisha mzee tangu adhuhuri mpaka magharibi nikimpa habari za kanda. Njombe kuna baridi mpaka mkojo unaganda haujafika chini. Mwanza mawe yamepandana kama yanachungulia harusi. Dodoma vumbi lina heshima, linabisha hodi. Mzee akasema huyu ndiye mwanaume, kaiona nchi. Baiskeli ikarudi Kabuku na kengele yake.

Kweli yenyewe: ile miaka miwili ya lori nilikuwa nakata mkonge kwenye shamba ng'ambo ya Korogwe.

Leo Fatu kafua kanga ya kuvaa siku hiyo. Kisimani kawaambia wenzake kwamba mumewe atawaonyesha watoto nchi. Akijua leo, uzeeni huu, ile baiskeli itanirudi usoni. Nitakula wapi?

Lakini Sadala hajashindwa! Nchi ni nini? Udongo. Udongo ni nini? Rangi. Na rangi zote zipo hapa hapa kati ya Handeni na Korogwe. Nimeanza asubuhi. Pwani: mchanga wa korongoni, nikaunyunyizia chumvi ya jikoni. Kati: nyuma ya choo, pakavu, hata kuku hawapekui. Magharibi: kichuguu. Kaskazini kuna milima ya moto, basi majivu ya jiko la Fatu, debe zima. Kanda nne kabla ya adhuhuri! Lori gani lingeniwahi?

Jumatano, 6 Novemba

Korogwe, kwa basi la alfajiri. Pale Manundu wafyatua tofali wana udongo mwekundu wenye mchanga, Kusini mtupu. Wakaniuliza wa nini. Nikasema mama mjamzito ana hamu ya kula udongo. Wakauliza mama yupi. Sikuwa nimefika huko kimawazo. Nikasema wangu.

Wakanitazama ndevu. Wakapiga makofi. Wakanijazia bure na kuniombea dua.

Kisha bondeni mtoni, kwenye majaruba ya mpunga, nikachota tope jeusi: Kanda ya Ziwa. Nikaongezea dagaa watatu wa kusagwa ili harufu itoe ushahidi.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi Fatu karudi kisimani bila maji. Kuna mtu kamkumbatia na kumuuliza anajifungua lini. Ana miaka sitini na sita. Kaniuliza najua chochote? Nikasema watu wa Manundu waongo sana.

Nikatoka mbio kwenda Vugiri. Nyanda za Juu zinataka udongo wa mlimani, na mlimani anakaa mtani wangu Simeo, Msambaa anayetuletea kabichi sokoni Misima. Mimi Mzigua yeye Msambaa, ni watani tangu babu zetu. Ana mlima mmoja tu, lakini anavyoringa! Kila Jumamosi ananiambia Sadala, wewe nchi umeisikia kwa upepo. Kwa hiyo nimemvizia siku aliyoshuka Korogwe na mizigo yake.

Nikamkuta mkewe, Paulina. Nikachechemea. Nikamwambia nina mguu, mganga kasema niufukie kwenye udongo mwekundu wa milimani, siku saba. Masikini Paulina! Kanipa ugali na kisamvu, akachukua jembe mwenyewe, akanichimbia pale palipolainika, akajaza kiroba. Akaniombea nipone. Nikashuka mlima nachechemea mpaka kona ya kwanza, kisha nikatembea vizuri.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekabidhi kanda saba! Madam Grasiana kachora mipaka kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila kanda na kibao chake cha jina. Watoto wakamimina udongo, mimi nasimamia kwa fimbo. Hawa wakanusa Ziwa, wale wakalamba Pwani. Nikawaambia hapo Kusini nililala juu ya mti kwa ajili ya simba, simba naye akalala chini kwa ajili yangu. Wakanishangilia!

Madam kauliza kwa nini Kaskazini ni ya vuguvugu, maana alfajiri nimeiongezea majivu mapya. Nikasema mlima wa moto hausahau.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua tangu Jumapili. Misukosuko nchini.

Mchwa wameibuka wakala kibao cha Magharibi. Mbuzi wa Habakuki, jirani wa shule, wamepata habari za chumvi, wameilamba Pwani yote kuanzia Tanga mpaka Rufiji. Hata kinyesi wameacha. Kaskazini imekuwa uji.

Na kubwa kuliko yote: Nyanda za Juu Kusini imeota maharage. Mengi! Yamenyoosha shingo kama watoto wanaosubiri uji.

Madam kaniita. Nikayatazama, nikajikohoza. Nikamwambia, binti yangu, udongo wa kule una rutuba, maharage hayasubiri kupandwa. Kasema asante, babu. Sikuipenda ile asante.

Paulina! Kumbe palipolainika ndipo alipokuwa amepanda jana yake. Kwa huruma yake kanichimbia na mbegu humo humo.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa bila kofia.

Siku ya wazazi. Watu wamejaa. Mimi kiti cha mbele, Fatu pembeni yangu na ile kanga. Madam kasema Mzee Sadala atatutembeza nchini. Nikasimama. Pwani nimepita vizuri, mbuzi nimewaita wawekezaji, watu wakacheka. Kati nimepita. Ziwa nimepita nimeziba pua. Nikafika Nyanda za Juu, nikaanza habari ya mkojo wa Njombe.

Sauti ya mama ikatoka nyuma. Shikamoo baba, mguu unaendeleaje?

Paulina! Kafuatana na mumewe sokoni, wakasikia vigelegele, wakaja. Nikasema marahaba, mguu gani? Nikaukunja mmoja haraka. Paulina kasema siyo huo.

Simeo tayari yuko chini, kapiga magoti juu ya Njombe. Kachomoa mche mmoja, kautazama ganda la mbegu, akamuuliza mkewe, haya si yale maharage yetu ya madoa? Paulina kasema ndiyo, na mstari mzima shambani haujaota, nilidhani ni kanga wamefukua.

Simeo hakukasirika. Ndilo lililoniua! Kaja taratibu, kanivua kofia, kajivika, kapanda kwenye benchi. Kasema, jamani, mtani wangu nimemkamata na shamba langu. Mnajua sheria ya utani. Aliyekamatwa hulipa atakachoambiwa, na kununa ni marufuku. Wazee wote wa Kizigua, ndugu zangu wa damu, wakaitikia kweli, kweli! Wasaliti.

Kwanza, kasema Simeo, atwambie mbele ya mkewe hizo kanda amezitembelea lini.

Nikamtazama Fatu.

Fatu kasimama. Kajifunga kanga vizuri. Kapita moja kwa moja mpaka Kaskazini, kainama, kachomoa kwenye ule uji wa majivu sikio la kikombe. Kikombe chake cha maua nilichokivunja nikasema ni paka.

Kasema, hili jivu nililitafuta wiki nzima nikahifadhie mahindi. Nikajua tu kuna mtu kalipeleka Kilimanjaro.

Watu chali! Akangoja wamalize. Akasema, na hizo safari msimuulize yeye, niulizeni mimi. Kaka yangu alikuwa anakata mkonge shamba lile lile, mstari wa pili yake. Aliniambia kabla ya posa. Nilijua siku ya harusi, nilijua jana.

Sauti ikanitoka kama ya kifaranga. Nikamuuliza, sasa mbona ulikubali?

Kasema, Baba Hafsa, yule mwenye baiskeli alikuwa hana la kusema.

Hapo nikaona vumbi limeniingia machoni. Vumbi la Dodoma hilo. Lile la nyuma ya choo.

Madam Grasiana naye kumbe alikwishajua tangu maharage. Kawaambia watoto watazame vizuri: mlima wa Vugiri huu hapa, bonde la mto hili hapa, nyika yetu kavu hii, mwendo wa asubuhi moja kwa basi na udongo umebadilika mara saba. Ndivyo nchi inavyogawanyika, kasema, kwanza kwa ardhi yenyewe, majina yanafuata. Kafuta vibao, kaandika Vugiri, Manundu, Misima. Watoto wakaelewa papo hapo.

Nikasema kwa sauti kwamba ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo. Hakuna aliyegeuka.

Faini: niirudishe Nyanda za Juu yote Vugiri kwa kichwa changu, na maharage yake yakiwa wima, kisha nipalilie mpaka yatoe maua. Kofia inabaki kwa Simeo mpaka siku hiyo.

Jumanne, 19 Novemba

Vugiri. Baridi. Mgongo si wangu tena. Nimepanda na kiroba kichwani, miche imechomoza juu, watoto wa njiani wakaniita bustani. Paulina kaihesabu miche, imekufa miwili, kaniongezea mstari wa kabichi.

Nimejifunza. Mtu mzima akikosea anajifunza. Habari za kanda sisemi tena mpaka naingia kaburini. Ni jambo dogo, halimfai mtu wa hadhi yangu.

Jioni majirani wa Simeo wamekuja kumtazama mfungwa. Wamekaa, chai imeletwa, kimya. Kimya kinanidhuru kiafya. Mmoja kasema Madam wa Misima mwakani anafundisha mabara, Asia na mengineyo.

Nikawaambia, mabara? Bara Hindi nilikaa miezi saba. Udongo wake wa manjano, unanukia bizari. Nimeuhifadhi kwenye vikopo.

Simeo kaivua ile kofia kichwani, kaitazama, kaivaa tena vizuri. Kasema vikopo hivyo angependa kuviona.

Nimempigia Fatu simu. Nimemwambia majivu asimwage.