Barua Ishirini na Sita kwa Mtoto Asiyekuwepo

Mwezi wa nne, maua ya miti ya micheri yakiwa bado yameshikilia matawini, Jiji la Kurehama lilitangaza rasmi kwamba kuanzia mwaka huo hakuna barua ya mwananchi itakayokosa jibu. Meya mwenyewe alilisoma tangazo mbele ya bendi ya zimamoto. Jibu ndani ya siku kumi na nne, kwa mtu yeyote, kutoka popote, juu ya jambo lolote, likiwa na muhuri mwekundu wa jiji. Jibu litakuwa na nini ndani, Meya hakutaja. Alisema hilo ni suala la kitaalamu.

Katika Ofisi ya Elimu, mtaalamu alikuwa Bwana Tsukuda, Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu za Wanafunzi, mtu wa miaka hamsini na minne aliyeamini kwamba mtoto ni kivuli na faili ndilo mwili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kitengo.

Wiki hiyohiyo akaja Bi. Minakuchi Orie, mpishi wa vyakula vya boksi karibu na stesheni, nguo zikinuka mafuta ya kukaangia. Alikuwa na mtoto wa darasa la sita. Mtoto huyo alipozaliwa aliandikwa mvulana, akapewa jina la babu yake, Iwao. Alipofika darasa la tatu alimwambia mama yake, huku anamenya chungwa, kuwa yeye ni msichana, amekuwa msichana siku zote, na alikuwa anangoja tu watu wazima watambue. Akajichagulia jina Kozue. Nyumbani akawa Kozue, dukani Kozue, kwa daktari Kozue. Shuleni mambo yalikuwa nusunusu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema asiyethubutu, kwa hiyo akiita majina na kufika kwa mtoto huyo, alikohoa. Mtoto aliitikia kikohozi.

"Mwezi wa tatu mwakani anahitimu," Orie alimwambia Tsukuda. "Siku ile jina linasomwa kwa kipaza sauti, ukumbi mzima unasikia. Amesema wakimwita lile la zamani hapandi jukwaani. Na namjua, hapandi. Naomba mumwandike Kozue."

"Mama, hilo dogo kabisa. Lete uamuzi wa mahakama ya familia, tunabadilisha siku hiyohiyo."

"Huko ndiko nimetoka. Wanataka ushahidi kwamba jina linatumika. Wamesema karatasi ya ofisi ya umma ndiyo yenye uzito."

"Basi lete."

"Ofisi ya umma ndiyo hii."

"Sisi tunatumia jina likishabadilishwa."

"Kwa hiyo jina lisibadilike mpaka litumike, na lisitumike mpaka libadilike."

Tsukuda alifurahi kwa dhati. Si kila mwananchi anayeshika utaratibu upesi namna ile. "Umeelewa kuliko hata wasaidizi wangu," alisema, akampa kijitabu.

"Bwana mkubwa, wewe una watoto?"

"Nina elfu nne mia mbili," Tsukuda alijibu, akionyesha makabati.

Kozue alikisoma kijitabu usiku huo, mpaka ukurasa wa nyuma palipokuwa na tangazo la Meya. Kesho yake akaandika barua kwa mwandiko wa kupanga: *Naomba kujua siku ya kuhitimu nitaitwa nani. Wenu, Minakuchi Kozue, msichana, darasa la sita.*

Tsukuda alijibu siku ya tatu, bahasha akaiandika kwa jina la kwenye faili. Siku ya tano bahasha ikarudi haijafunguliwa. Orie alikuwa ameigonga muhuri wa jina la familia na kuandika: *Hatuna mtu huyu hapa. Imekataliwa.* Kwenye ubao wa ofisi, asilimia mia ya majibu yaliyofika ikashuka ikawa tisini na tisa nukta sita. Siku hiyo Tsukuda hakumaliza tambi zake.

Aliyemwokoa ni Bi. Nishigaki, karani aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye alikuwa ameona wakuu saba wakija na kuondoka, birika la chai likiwa lilelile.

"Mkuu, Mwongozo wa Mawasiliano, kifungu cha nane. Jibu linakwenda kwa jina alilotia mwandishi, ili lifike."

"Hata kama jina halipo?"

"Kifungu hakiulizi kama lipo. Kinataka lifike."

"Na heshima? Tumwandike Bwana au Bi.?"

"Kwa namna alivyojitaja. Amejitaja msichana."

Tsukuda akakisoma kifungu mara mbili. Kilikuwa kifungu kizuri, hakina tundu. Akaagiza barua iandikwe:

*Kwa Bi. Minakuchi Kozue. Kuhusu barua yako, tunasikitika kukujulisha kwamba mtu mwenye jina lako hayupo katika kumbukumbu zetu. Ukiwa na swali jingine, usisite kutuandikia.*

Akapiga muhuri. Alikuwa na mkono wa muhuri, Tsukuda; wino haukuchafuka, pembe hazikupinda. Barua ikafika. Haikurudi.

Kozue hakusita. *Nashukuru kwa jibu,* aliandika. *Kama sipo, maziwa yangu ya chakula cha mchana anakunywa nani?* Ofisi ilimjibu Bi. Minakuchi Kozue kwamba maziwa hutolewa kwa wanafunzi waliopo tu, lakini kwa ajili ya mifupa yake inamshauri aendelee kuyanywa. Akauliza zamu yake ya kupiga deki korido ni ya nani. Akajibiwa kwamba kutokuwepo si udhuru wa kukosa zamu. Akauliza kama siku ya michezo atakimbia na wasichana, na wavulana, au peke yake. Ofisi iliomba siku kumi na nne za nyongeza, zikapita, michezo nayo ikapita.

Barua ya kumi na moja ilikuwa fupi. *Kuna watu wamenifichia viatu vyangu vya ndani, vya kuvaa darasani, mara tatu. Nimetembea na soksi. Nikiripoti, niripoti kwa jina gani? Na kama sipo, wamemfichia nani?*

Tsukuda aliagiza jibu: *Matukio dhidi ya watu wasiokuwepo hayaingii katika takwimu za uonevu za jiji letu, ambazo mwaka huu pia ni sifuri.*

Bi. Nishigaki alilisoma kwa sauti. Kisha akalisoma tena.

"Liende hivi, Mkuu?"

"Lina kosa?"

"La kisarufi, halina."

Tsukuda alisukuma kando bakuli la tambi. Akapiga muhuri.

Mpaka theluji ya kwanza inaanguka, zilikuwa zimetoka barua ishirini na sita. Ubao ulisoma asilimia mia, na jirani zao wa Kitengo cha Majitaka walikuwa wakija kuutazama. Hakuna aliyejiuliza zinakwenda wapi. Orie alikuwa anazipanga kwenye boksi la chakula, moja juu ya nyingine, na mwezi wa kumi na mbili akalibeba boksi hilo mpaka mahakama ya familia.

Simu ilipigwa Januari. Alikuwa karani wa mahakama.

"Bwana Tsukuda, nina barua ishirini na sita hapa mezani. Muhuri ni wenu?"

"Ukizisoma, utaona zinasema huyo mtu hayupo."

"Nimezisoma zote. Zinaanza na 'Kwa Bi. Minakuchi Kozue'. Sasa mlikuwa mnamwambia nani kwamba hayupo?"

Tsukuda akatazama makabati. Makabati hayakumsaidia.

"Naweza kuandika kwamba muhuri umeghushiwa," karani aliendelea kwa upole. "Hapo polisi watakuja kuuangalia. Au niandike kwamba ofisi yako hutumia stempu za walipa kodi kuandikia hewa. Au kwamba jina linatumika. Chagua moja, baba, nina foleni."

Tangu aajiriwe, Tsukuda alikuwa ametetea kitu kimoja tu duniani. "Muhuri wa Kurehama," alisema, "haujawahi kukosea."

"Haya, ndivyo ninavyoandika."

Uamuzi ulitoka wiki ya kwanza ya Februari. Jaji aliandika kwamba katika miaka yake ya kazi hajaona jina lililothibitishwa na ofisi ya umma mara nyingi kiasi hicho, tena kwa heshima.

Siku ya kuhitimu, Tsukuda aliketi safu ya wageni rasmi, kwa kuwa ratiba ilimtaka aketi. Mwalimu mkuu alifika kwenye jina, akavuta pumzi, na watoto waliozoea wakasubiri kikohozi.

"Minakuchi Kozue."

"Ndiyo."

Lilitoka kubwa mno, kipaza sauti kikapiga mluzi. Kozue akapanda ngazi kwa viatu vipya vya ndani, akapokea cheti kwa mikono miwili. Mama yake alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

Kesho yake mwandishi wa habari alimuuliza Meya maoni yake. Meya hakuwa na habari ya jambo lolote, kwa hiyo alijibu papo hapo kwamba Kurehama ndilo jiji la kwanza katika mkoa kumtambua mtoto kabla hata ya mahakama, na mbunifu wa mpango huo ni Bwana Tsukuda. Picha ya Tsukuda ikatoka gazetini, amepepesa macho.

Wiki iliyofuata posta ilileta magunia mawili. Bi. Nishigaki alishastaafu, birika kalichukua. Tsukuda akafungua barua peke yake. Zilitoka kila kona ya mkoa na ng'ambo ya bahari, mwandiko wa kitoto, majina ambayo hakuna rejista iliyowahi kuyaona. Akijibu kwamba hupo, amethibitisha. Akijibu kwamba upo, amethibitisha. Asipojibu, asilimia zinaporomoka, na sasa Meya anazitazama kila asubuhi.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mtoto wa miaka tisa wa kisiwa fulani. Ilikuwa na mstari mmoja: *Je, mimi nipo?*

Tsukuda akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, robo saa kabla ya kufunga ofisi. Kumwandikia mtu *hupo* kunadai vifungu vitatu, nukuu mbili na kiambatisho. *Upo* hakudai kitu.

Akaandika *Upo*, akapiga muhuri, akavuta ya pili.