Binamu Simeoni na Mzinga wa 3D

Jumatatu, 3 Juni 2024. Unyambwa.
Nimeropoka tena. Kikao cha chama cha wafugaji nyuki. Mwenyekiti wetu, Bi Stumai, akauliza nani anaweza kuwaonyesha wageni wa maonyesho ndani ya mzinga bila kuufungua. Nikanyoosha mkono. Nikasema nitauchora kwa 3D kwenye kompyuta ya chama, uzunguke wenyewe, kwa viwango vile vile vinavyotumika duniani. Nikavitaja: OpenGL, Vulkan, WebGL. Makofi. Namshukuru Mungu hakuna aliyeuliza zaidi, maana Vulkan niliiona gemu lilipogoma kufunguka kwenye simu yangu, na hayo mengine nimeyasikia kijiweni.
Nauonyesha Ijumaa. Nikiweza, kazi ya ofisi ya chama ni yangu. Nikishindwa, narudi Rungwa kwa mjomba kurina asali. Nyuki wa mjomba wananijua kwa sura.

Jumanne, 4 Juni.
Anayejua mahali pa kujifunzia haya mambo ni Gerald tu, fundi kompyuta wa pale sokoni. Naye anaitaka kazi ile ile. Kwa hiyo nikatumia akili. Nikambeba jogoo wa mama, nikasema ni zawadi ya binamu yangu Simeoni wa Misigiri, anataka kujifunza ila anaona aibu kuja. Gerald akamtazama jogoo, akautazama uzi mwekundu mguuni, akanitazama mimi. Kisha akaandika kila kitu kwenye karatasi. Viwango vyenyewe viko bure kwenye tovuti ya Khronos, ndio wanaovitunga. Ila hivyo ni vya kurejea, si vya kuanzia. Simeoni aanze na masomo ya WebGL, anahitaji kivinjari tu. Vulkan aiache kwanza, kuchora pembetatu moja tu kunakula mamia ya mistari ya programu.
Maskini Gerald, ametoa siri zote kwa jogoo mmoja. Namshukuru kwa dhati.

Jumatano, 5 Juni.
Nimeanza na Vulkan. Hayo ya wanaoanza ni ya Simeoni. Kutwa nzima nasoma, kurasa haziishi. Matokeo: kioo cheusi. Mama akapita akasema hata ndani ya mzinga wa kweli kuna giza, pengine nimepatia. Nashukuru kwa kunitia moyo.

Alhamisi, 6 Juni.
Nikarudi kwa Gerald. Nikamwambia Simeoni amekwama, kioo cheusi. Akasema basi aje na kompyuta. Nikasema anaumwa.
Lo, kosa. Gerald akapeleka habari kwenye jumuiya ya kanisani. Saa kumi jioni akina mama sita uani kwetu, na unga wa uji na kuku wa supu, wanataka kwenda Misigiri kumwona mgonjwa. Wakamwombea kwanza. Mama akapiga magoti nao, akamwombea Simeoni, mtoto wa ndugu ambaye hajawahi kuwa naye, huku jicho moja liko kwangu. Nikasema amepata nafuu ghafla. Wakashukuru, wakaacha unga. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Uji mtamu, lakini.

Ijumaa, 7 Juni.
Asubuhi Gerald kaja na flashi. Masomo ya WebGL ya kumliwaza mgonjwa, pamoja na mfano wa pipa linalozunguka. Simeoni abadilishe vipimo tu, alisema. Nikabadilisha. Saa nane mzinga ukazunguka mbele ya chama, masega yanaonekana ndani. Mlango ulitazama juu, lakini mzinga ulizunguka. Bi Stumai akanipa kazi.
Nje nikataka kumwambia Gerald ukweli. Akasema anaujua tangu Jumanne. Mtaa mzima unajua kuku wa mama hufungwa uzi mwekundu. Jioni ile ile alimrudisha jogoo, wakacheka yeye na mama mpaka wakakaa chini. Nikamwuliza kwa nini basi alinisaidia, na kazi aliitaka. Akasema mwaka ule niliokuwa Rungwa mtaa ulipooza sana.
Nililia, sioni haya kuandika. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hii. Nimeapa sitadanganya tena.

Jumamosi, 8 Juni.
Bi Stumai ameuliza kama naweza kuongeza nyuki wanaoruka. Nikasema hilo dogo, nimeshalifanya mara nyingi.
Sijui hata pa kujifunzia. Jioni naenda kwa Gerald. Binamu yangu Yohana wa Rungwa anatamani sana kujifunza, ila anaona aibu. Jogoo ni yule yule, lakini safari hii uzi nimeufungua.